Mgonjwa Anasemaje

Katika karakana ya miguu bandia, jengo la mwisho kabisa nyuma ya hospitali, palikuwa na fundi mmoja ambaye wenzake walimwita Rula. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya wembamba wake, ingawa mwembamba alikuwa, wala kwa sababu ya rula ya chuma iliyochungulia mfukoni mwa koti lake la kazi siku zote. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimwambia jambo, alilipima. Ukisema umengoja basi saa nzima, alikuuliza ulifika kituoni saa ngapi. Ukisema mvua ya jana haijapata kuonekana, alikutajia ya mwaka juzi. Hakuwa mkorofi wala hakuwa na nia mbaya. Aliamini tu kwamba Mkristo hapaswi kuuacha uongo upite mbele yake, hata uwe mdogo namna gani, na kwa miaka ishirini na sita hakuna uongo uliompita.

Tumtendee haki. Mtu huyu hakuwahi kwenda nyumbani na hata msumari mmoja wa karakana. Akikosea kipimo, alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Mgonjwa akimletea zawadi ili mguu wake uharakishwe, aliirudisha kwa mikono miwili na kumwomba asubiri zamu yake. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na msomaji wa somo la kwanza, na mchungaji akitaka kujua ukweli wa jambo lolote, kuanzia paa linalovuja hadi kwaya iliyogombana, alimwita yeye.

Lakini saa nne, alipoingia kwenye chumba cha chai, maneno yalikatika. Si kwamba walimsusia. Walimsogezea kiti, walimpitishia sukari. Ila hadithi iliyokuwa inaendelea ilipotelea njiani, mmoja akaanza kuangalia simu yake, mwingine akakumbuka plasta aliyoiacha ikikauka, na kufumba na kufumbua Rula alikuwa amebaki na viti. Mwanzoni alidhani ni bahati mbaya. Baadaye alijipa jibu la kumfariji, kwamba ndivyo ilivyo kumfuata Bwana mahali pa kazi, akawa anainywa chai yake peke yake kwa moyo wa kishujaa. Tatizo ni kwamba chai ya kishujaa nayo hupoa.

Mambo yaliharibika hasa mwaka uliotangulia, kwa ajili ya Sponji. Mguu bandia una sehemu ya juu ambayo mafundi huiita kikombe, ndimo kisiki cha mguu kinamoingia. Kikombe ni kigumu, kwa hiyo ndani yake hubandikwa sponji laini ili mwili usisagike. Aliyebandika sponji hizo alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, mwenye kutokwa jasho hata siku za baridi, na jina la kazi yake likawa jina lake. Siku moja kwenye mkutano wa Jumatatu, Mkuu wa karakana aliuliza kwa nini kazi zinalala. Wote waliitazama meza. Rula akasema kwamba Sponji amechelewa mara saba mwezi ule, akazitaja tarehe moja baada ya nyingine. Ilikuwa kweli tupu, tarehe zote saba. Sponji akapewa barua ya onyo, na kuanzia siku hiyo chumba cha chai kikawa kinanyamaza.

Nyumbani nako hakukuwa na mtu. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na binti yao wa pekee aliolewa mbali. Binti alipiga simu kila Jumapili jioni, na simu zile zilikuwa fupi.

"Baba, leo nimemkumbuka Mama," alisema mara moja, akicheka kabla hata hajaanza. "Ile siku alipoingia kwenye harusi ya watu asiowajua. Na lile gauni lake la kijani."

"Lilikuwa la bluu," Rula alisema. "Nilimwona akitoka nalo."

"Haya, Baba," binti akasema. "Dawa ya presha unakunywa?"

Alisema anakunywa. Simu ikaishia hapo.

Sasa, mwezi wa tano aliletwa karakana mama mmoja mkunga, mstaafu wa miaka sabini na miwili, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa na maneno ya taratibu.

"Fundi," alimwambia Rula siku ya kwanza, "mimi nimepokea watoto zaidi ya elfu mbili, na kila mmoja nilimhesabu vidole vya miguu. Leo hesabu yangu mwenyewe haifiki hata nane."

"Ni vitano, Mama," Rula alisema, na akaendelea kupima.

Mguu ulitengenezwa, Mkunga akaenda nao nyumbani wiki moja kwa majaribio, akarudi siku ya kukabidhiwa rasmi. Hapa lazima tuieleze fomu ya makabidhiano. Ilikuwa na mistari kumi na minne. Kumi na mitatu ilikuwa ya vipimo, na wa mwisho uliuliza: Mgonjwa anasemaje? Mkuu alitaka yaandikwe maneno ya mgonjwa mwenyewe, lakini karakana nzima iliandika maneno mawili tu, "Hana malalamiko," ikaendelea na shughuli. Rula naye aliandika hivyo hivyo, ila kwa utaratibu wake: aliujaza mstari huo asubuhi, gundi ikingoja kukauka, mgonjwa akiwa bado yuko kwake. Hakuona uongo hapo. Mguu ukiwa umepimwa sawasawa, mgonjwa atalalamikia nini?

Alimsimamisha Mkunga katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Akamtembeza kwenda na kurudi, akamkalisha, akamsimamisha, akampandisha ngazi tatu za mazoezi na kumshusha.

"Unaumia?"

"Hapa hapana," alisema Mkunga. "Ila kule nyumbani, asubuhi—"

"Asubuhi kisiki kinakuwa kimevimba, Mama. Ni kawaida."

"Sawa, mwanangu. Lakini mimi asubuhi huwa na—"

"Hebu tembea tena mpaka mwisho."

Alitembea mpaka mwisho, akarudi, akapumua. "Nilitaka kukuambia kwamba nikiamka—"

"Mguu mpya unahitaji miezi miwili kuzoeleka," Rula alisema kwa upole, maana alikuwa mpole, na akageuza fomu ili aweke sahihi. Ilikuwa imeshajaa. Mkunga alichukua fimbo yake, akasema, "Basi, fundi."

Wiki mbili baadaye Mkunga alikuja kubandikiwa upya ukingo wa sponji uliokuwa umeachia. Kazi hiyo aliifanya Sponji, na alipomaliza alikwenda kwenye meza ya Rula.

"Yule mama mkunga anasema mguu unamuuma asubuhi. Hapa mbele, chini ya goti. Anasema kuna kitu anafanya—"

"Nimempima mwenyewe," Rula alisema bila kuacha kupiga msasa. "Wewe bandika sponji."

"Nakwambia alichosema tu."

"Na mimi nakwambia vipimo."

Sponji alipandisha mabega, akarudi kwenye gundi yake.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, Mkunga aliletwa hospitalini akiwa kwenye machela. Chini ya goti, pale ukingo wa mbele wa kikombe unapogusa mfupa, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, na kwa mwenye kisukari kidonda cha hivyo si mchezo. Alilazwa. Madaktari wa upasuaji walisema watangoja siku kumi. Kisipoonyesha dalili ya kupona watakata tena, na safari hii watakata juu ya goti.

Ijumaa Mkuu aliwaita ofisini Rula na Sponji. Mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache ambaye hakupenda kuketi wakati wa kusema mambo mabaya. Mezani aliweka kikombe cha Mkunga, sponji yake ikiwa imechanika na kujikunja ukingoni, na kando yake akaweka fomu.

"Hapa panasema hana malalamiko," alisema. "Kwa hiyo mguu ulitoka hapa salama. Kilichoharibika ni sponji, na sponji ilibandikwa mara mbili na mtu mmoja."

"Mkuu, yule mama alilalamika," Sponji alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Alisema unamuuma. Nilimwambia Rula."

Mkuu alimgeukia Rula. "Alikuambia?"

Lilikuwa swali la neno moja. Rula alilitazama lile neno moja, na nyuma yake akaiona miaka ishirini na sita, na sahihi yake chini ya fomu, na asubuhi zote alizoujaza ule mstari wa mwisho kabla ya watu kufika.

"Mkuu," alisema, "fomu iko mbele yako na sahihi ni yangu. Nilimpima mwenyewe. Vipimo viko sawa mpaka sasa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mkuu, ambaye hakuwahi kusikia Rula akidanganya hata kuhusu hali ya hewa, aliinamisha kichwa na kufunga faili. Sponji tayari alikuwa na onyo moja. Jumatatu, mbele ya mkutano, atasomewa barua ya kuachishwa kazi.

Sponji hakupiga kelele. Alimtazama Rula kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha barabarani, ukamsogelea ukidhani unamjua, kumbe siye. Kisha akatoka.

Jumamosi Rula alikaa nyumbani. Alifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Alichemsha maji akasahau kwa nini. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na siku hiyo kila kimoja kilikuwa kikubwa mno. Alijiambia kwamba hakusema uongo, akajiambia tena, na mara ya tatu akajisikia akiyasema kwa sauti, mtu mzima peke yake jikoni, akimjibu nani sijui.

Alimkumbuka mkewe. Mkewe alikuwa mtu wa hadithi, na hadithi zake zilijaa makosa. Jumanne ikawa Jumatano, watu kumi wakawa hamsini, na Rula alisahihisha kila kosa kwa wakati wake, bila hasira. Hakukumbuka ni lini hasa mkewe aliacha kumsimulia. Alikumbuka tu kwamba miaka ile ya mwisho walikula wakiwa kimya, naye alidhani ndiyo amani. Wiki mbili kabla hajafariki, mkewe alimshika mkono pale kitandani akaanza, "Unakumbuka mwaka ule tulipohamia hapa, siku ya Pasaka—" Rula akasema haikuwa Pasaka, ilikuwa Jumapili ya matawi. Mkewe akatabasamu, akafumba macho, na alichotaka kusema kuhusu siku ile akaenda nacho. Mpaka leo kinamuuma Rula kuliko mazishi yenyewe.

Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani na hakukosea hata nukta. Wakati wa maombi watu walipiga magoti, naye aliinama tu kwenye benchi na mkono usoni, kama alivyofanya miaka yote mitatu. Waumini waliomuuliza aliwaambia ni magoti, umri huo. Magoti yake yalikuwa mazima kabisa. Tangu amzike mkewe alikuwa hawezi kushuka chini mbele za Mungu, na hiyo ndiyo kweli; kisingizio cha magoti ndio uongo mmoja aliokuwa hajawahi kuupima. Siku hiyo aliupima. Ibada ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda wodini.

Mkunga alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Vitanda vingine vilizungukwa na ndugu na vikapu. Chake hakikuwa na mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Umekuja kunipima?"

Rula aligundua kwamba rula iko mkononi mwake. Hakujua aliitoa saa ngapi.

"Iweke chini," Mkunga alisema. "Kaa. Nikuambie kitu. Sisi wakunga tulikuwa na kile kifaa cha mbao, kama tarumbeta ndogo, unakiweka kwenye tumbo la mama na sikio lako unaliweka upande wa pili. Wanafunzi wangu walikuwa na haraka. Wanaweka sikio, wanasikia du, du, du, wanaandika mtoto mzima. Nikija kusikiliza mimi, hakuna kitu. Unajua walikuwa wanasikia nini?"

"Hapana, Mama."

"Mapigo ya masikio yao wenyewe."

Rula aliitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, kimoja kimepasuka kona.

"Mama," alisema, "asubuhi huwa unafanya nini?"

Basi Mkunga akasimulia, na akasimulia kama wazee wanavyosimulia, yaani kwa kuanzia mbali. Alianza na jogoo wa jirani. Akaja kwenye taa ya chumbani, aliyoitaja kuwa ya mshumaa na baadaye ikawa ya umeme, na Rula akauma ulimi. Akaeleza jinsi anavyouvaa mguu akiwa bado na usingizi, kwa sababu bila mguu hawezi kufanya anachotaka kufanya. Akaishika shuka.

"Napiga magoti," alisema. "Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Nawaombea wale watoto. Majina yote siwezi, kwa hiyo nawataja kwa miaka. Wa mwaka ule nilioanza kazi, wa mwaka uliofuata. Nikifika mwaka wa mafuriko nachoka, najiegemeza kitandani, lakini simalizi mpaka niwafikie wa mwisho. Hapo ndipo mguu unaponikata. Mbele, pale ukingoni."

Kwa miaka ishirini na sita Rula alikuwa amewatembeza watu, amewakalisha, amewapandisha ngazi. Hakuwahi hata mara moja kumwambia mtu apige magoti. Ilikuwa imemtoka akilini kwamba watu hupiga magoti, yeye mzee wa kanisa.

"Ungeniambia, Mama," alisema, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno hayo.

"Niliona aibu. Mtu akisema anaomba nusu saa kwa magoti, si anajisifu huyo? Kwa hiyo nilianza pole pole, nione kama una nafasi. Nilianza mara tatu, mwanangu."

"Ndiyo. Mara tatu. Kwenye fomu niliandika kwamba huna malalamiko. Niliandika kabla hujafika."

Alingoja aambiwe kwamba si neno, kwamba yamekwisha. Mkunga hakusema hivyo.

"Hilo ni baya," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi bado hujamwambia anayetakiwa kuambiwa." Aligeuza uso dirishani, akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Lakini usiondoke sasa hivi. Jumapili huku ni ndefu sana."

Hakuondoka. Alikaa mpaka kengele ya kutoa wageni ilipogongwa, na katika muda huo alipata habari za watoto wa miaka minne mizima.

Jumatatu mkutano ulifanyika kama kawaida, watu tisa kuzunguka meza ndefu ya karakana. Mkuu alisimama na bahasha mkononi, kikombe cha Mkunga kikiwa mezani mbele yake. Sponji alikuwa amevaa shati la kutokea, jeupe, lililopigwa pasi, na shati lile lilimkata Rula maini.

"Kabla hujasoma, Mkuu," Rula alisema, akasimama. "Ijumaa nilikudanganya."

Mkuu alikunja uso. "Ulichosema kilikuwa uongo?"

"Kilikuwa kweli. Nilikipanga ili usijue. Uliniuliza kama Sponji aliniambia. Aliniambia. Na yule mama aliniambia mwenyewe mara tatu, nikamkatiza mara tatu. Na huu mstari wa mwisho niliujaza asubuhi, mgonjwa akiwa bado yuko kwake. Sikuujaza huo tu. Fomu zangu zote huwa nazijaza hivyo."

Akakichukua kikombe cha Mkunga kutoka mezani. Alitaka kuwaonyesha pale ukingo unapokita, na kwa maneno haikuelekea kueleweka, kwa hiyo akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wake. Alikunja suruali, akakiweka kikombe mbele ya mfupa wake mwenyewe, akapiga magoti juu ya saruji mbele yao wote. Ukingo ulimwingia chini ya goti. Alibaki pale huku akieleza kwamba hakuna sponji duniani ya kuzuia hali hiyo, kwamba kosa ni la kipimo, kwamba kipimo ni chake. Sauti yake ilianza kutetemeka, na kila mtu aliisikia. Alikuwa hajapiga magoti kwa miaka mitatu, na mwili wake ulikuwa unalikumbuka jambo hilo mbele ya watu. Mkuu alimwacha amalize. Kisha akamwambia ainuke.

Barua ya Sponji ilirudi kwenye faili. Ya Rula iliandikwa siku hiyo hiyo: onyo, na kuondolewa kwenye kazi ya kukabidhi miguu kwa mwaka mzima. Alipelekwa chumba cha plasta, mwisho wa korido, kumimina mifano ya visiki vya watu ambao hatawaona. Na Mkuu, kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliagiza fomu zote za miezi sita zitolewe makabatini. Zote ziliandikwa "Hana malalamiko." Alasiri hiyo mafundi saba waliitwa ofisini mmoja mmoja, na kila aliyetoka alipita mbele ya Rula bila kumwangalia.

Alimkuta Sponji koridoni akiwa anakunja mikono ya lile shati jeupe.

"Nisamehe," alisema.

Sponji aliendelea kukunja. "Mwaka jana, ulipozitaja zile tarehe saba. Ungeniuliza tu."

"Nakuuliza sasa."

Sponji alimwangalia akipima kama inafaa kumwambia. "Mzee wangu amepoteza kumbukumbu. Asubuhi alikuwa anatoka nyumbani na nguo za kulalia, anakwenda kazini alikostaafu. Nilikuwa nazunguka mtaani mpaka nimpate. Chumba cha chai wote wanajua. Waliuliza."

"Bado anatoka?"

"Siku hizi hatoki kitandani. Ananiuliza mama yuko wapi. Mama amekufa miaka tisa sasa. Ananiuliza kila siku, na kila siku namwambia yuko sokoni, anakuja." Akaikunja sehemu ya mwisho ya mkono wa shati. "Wewe ungemjibu nini?"

Rula alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, alikuwa nalo tangu akiwa na miaka ishirini. Akakifunga.

"Sijui," alisema.

"Na mimi sijui," Sponji alisema, akaenda zake. Hakumpa mkono.

Kidonda cha Mkunga kilionyesha nyama nyekundu siku ya nane, na madaktari wakaweka visu vyao kando. Mwezi wa tisa kisiki chake kilipigwa plasta upya. Rula aliumimina mfano wake peke yake katika chumba cheupe, akaukwangua mpaka akaridhika, na ukingo wa mbele akaushusha upana wa kidole kizima. Makabidhiano yalifanywa na fundi mwingine. Fomu ilipopita mikononi mwake kwenda makabatini, aliruhusiwa kuitazama. Mstari wa mwisho haukuwa umetosha. Maneno ya Mkunga yalikuwa yamezunguka pembeni ya karatasi yakaendelea nyuma, na alikuwemo jogoo wa jirani.

Chumba cha chai bado kilinyamaza. Labda kilinyamaza zaidi ya zamani, maana sasa kila mtu alikuwa na onyo lake na alijua limetoka wapi. Rula alikunywa chai yake pale pale, kwenye kiti kile kile, wala hakujipa tena jibu la kujifariji. Aliona upweke tu, ukiwa upweke. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipiga magoti kando ya kitanda. Siku nyingi hakuwa na la kusema, akawa anakaa hivyo hivyo kimya, akisikiliza.

Jumapili moja jioni simu iliita. Binti aliuliza hali, akaeleza ya watoto, na maneno yalipoanza kwisha akacheka kidogo.

"Leo nimemkumbuka tena Mama na ile harusi," alisema. "Yaani alivyoingia pale na lile gauni lake la kijani."

Akanyamaza. Alinyamaza mahali pale pale ambapo baba yake huingia, akimpa nafasi yake, kama mtu aliyezoea kupisha.

Kabati la chumbani lilikuwa wazi. Gauni lilikuwa linaning'inia mahali lilipoachwa, la bluu, na taa ilikuwa inalimulika. Rula alilitazama. Alimwona mkewe akitoka nalo mlangoni asubuhi ile, na jioni akirudi amejaa kicheko, akisema, huwezi kuamini yaliyonipata leo, nimeingia harusini saa tano. Alikumbuka alivyomjibu kwamba saa tano harusi zinakuwa hazijaanza. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na hadithi ya harusi ile hakuwahi kuisikia mpaka mwisho.

"Ehe," alisema, akakaa chini kitandani. "Ikawaje?"